Mkono Mmoja wa Koti

Dorothée aliwaona kabla wao hawajamwona. Walikuwa wanakuja kutoka upande wa bustani ya Kungsträdgården, bega kwa bega, chini ya mwavuli mmoja, na theluji ya mwezi wa tatu ilikuwa imegeuka tope la maji njiani, hata kila baada ya hatua mbili Elvire alimshika Zacharie mkono asiteleze. Alivaa viatu vya kisigino. Mtu mzima anayejua kwamba anakwenda kutembea Stockholm mwezi wa tatu, kisha akavaa kisigino, huyo ameshapanga atamshika nani.

Usianze, Dorothée alijiambia. Tangu treni ilipotoka kwake Hallunda alikuwa akisali moyoni, kituo baada ya kituo, akimwomba Mungu amtolee lile jambo lililomkalia kifuani tangu Alhamisi. Alipofika Östermalmstorg alidhani limetoka. Kumbe lilikuwa limeshuka naye.

Zacharie alipomwona aliachia mwavuli mkono mmoja ili amsalimie. Alimpa mkono kama kawaida yake, akauacha ndani ya mkono wake kidogo zaidi ya salamu, na macho yake yakakaa usoni kwake kidogo zaidi ya heshima. Kwa miezi minane mambo yao yote yalikuwa katika hicho kidogo. Alikuwa dereva wa basi la Tensta kwenda Spånga, mgane wa mwaka wa tatu, mwanamume wa sauti nzito kwenye kwaya na sauti ndogo kila mahali pengine. Yeye Dorothée alikuwa mjane wa mwaka wa sita, mtunza wazee, mama wa binti mmoja. Kila Jumapili baada ya ibada Zacharie alikuja kula kwake Hallunda, akamsaidia kufuta vyombo, akaondoka kabla jirani hajaanza kuhesabu saa. Hakuwahi kumshika zaidi ya huo mkono wa salamu. Lakini Dorothée alikuwa amefika mahali ambapo, akisikia basi linafunga breki, hata lisilo la Zacharie, moyo ulisimama kwenye kituo.

"Mama Emmanuella, umepigwa na baridi," Elvire alimwambia, akambusu mashavu yote mawili kama wafanyavyo Brussels. Alinukia maua. Dorothée akajibu kwamba baridi ya hapa ameizoea, pole yako wewe mgeni.

Asubuhi hiyo binti yake, Emmanuella, alikuwa ameegemea mlango wa bafu akimtazama. Akamuuliza kwa Kiswidi, maana maswali ya kuchoma huyauliza kwa Kiswidi, kwa nini mama anapaka rangi ya mdomo kwenda kumtazama mwanamke mwingine akinunuliwa koti. Dorothée alimwambia akale uji wake.

Lakini swali lilikuwa la haki.

Jambo lenyewe Zacharie alimweleza Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya, wakinywa kahawa pale Hallunda Centrum. Alisema anataka kutuma wazee kwa kaka yake Dorothée. Alisema hivyo akiwa anakizungusha kikombe, hakumtazama, na Dorothée alishukuru kwamba hakumtazama, kwa sababu uso ulikuwa umemtoroka. Kisha akaongeza kwamba kabla ya wazee kuna kitu. Kwa ukoo wa marehemu mkewe, watu wa milimani juu ya Uvira, kule Kongo, mgane hawezi kuoa mpaka avuliwe kilio na mdogo wa marehemu. Mgane humpa huyo mdogo mtu vazi. Likiwa limekunjwa, likalazwa juu ya mikono yake miwili naye akalipokea, basi kilio kimevuliwa, mwanamume yuko huru. Lakini mwanamume akilikunjua vazi na kumvika kwa mikono yake mwenyewe, amesema neno lingine kabisa. Amesema kwamba amemkubali aingie mahali pa dada yake. Na mwanamke anayekuja kuolewa lazima awepo, aone. Akiona asilolitaka, aseme palepale. Akinyamaza, ameridhia, na hakuna mzee atakayemsikiliza baadaye.

Dorothée ni mtu wa mji wa Baraka, kwao hakuna hayo. Aliuliza kwa nini vazi lisiwe kikwembe, kitenge kizuri, vimejaa maduka ya Tensta. Zacharie akakisukuma kikombe pembeni. Halafu akasema kwamba marehemu alipokuwa mzima alikuwa akisafisha ofisi za mtaa ule wa matajiri, na kila Jumamosi akimaliza kazi alisimama mbele ya kioo cha Maison Aubrelle, nyumba ile ya mavazi ya Wafaransa, akitazama koti moja. Zacharie alikuwa akimfuata pale, wanalitazama pamoja, anamwahidi. Kila mwaka kilitokea kitu. Mwaka wa mwisho kilichotokea ni ugonjwa. Elvire, ndiye huyo mdogo wa marehemu, alijua yote hayo. Kwa hiyo alipofika kutoka Brussels, ametumwa na mama yake, alisema kama ni kuvua kilio basi kivuliwe kwa koti lile, la nyumba ileile. Zacharie alikuwa ameendesha basi sikukuu zote tangu Noeli.

Dorothée aliuliza swali moja tu. "Na amekubali kupewa likiwa limekunjwa?"

"Nilimwambia hivyo."

"Akasema ndiyo?"

"Alicheka," Zacharie akajibu.

Basi Dorothée alikuwa ameishi na kicheko hicho siku mbili, kicheko asichokisikia kwa masikio yake, na alikuwa amekisikia kwa namna zote.

Mlango wa Maison Aubrelle haukuwa mlango wa kusukuma. Kulikuwa na mwanamume wa suti nyeusi aliyeruhusu watu kidogo kidogo, nao walisimama foleni nje wakikanyaga tope. Walipoingia, joto liliwapokea, na zulia lilikuwa zito hata nyayo zilikosa sauti. Kijana mmoja akawajia, amevaa glavu nyeupe nyembamba. Alisema jina lake Filip, na kwamba leo atawahudumia wao peke yao mpaka watakapotosheka. Aliinama kwa Elvire, akamwita madame. Aliinama kwa Zacharie, akamwita monsieur. Kisha akamgeukia Dorothée na kumuuliza kwa Kiswidi, kwa adabu sana, kama yeye yupo pamoja nao.

Angeweza kusema mimi ndiye. Alisema, "Nipo nao."

Akaonyeshwa kiti cha mahameli pembeni, akapewa glasi ya maji. Akakaa hapo na jaketi lake la kazini lenye zipu mbovu, akiwatazama wale wawili chini ya taa wakipendeza kama picha ya harusi, na akaona kwamba Filip hakukosea sana. Mtu yeyote angedhani hivyo. Ndicho kilichomuuma.

Elvire alijua kuvaa, hilo ni lazima lisemwe. Alivua skafu yake polepole, akainua nywele zake na kuzifunga juu, shingo ikabaki wazi, ndefu, na kidoti cheusi chini ya sikio. Filip alimvika koti la kwanza, akamvua. Akamvika la pili, la buluu. Elvire akazunguka, akamtafuta Dorothée kwa macho.

"Mama Emmanuella, unaonaje? Rangi hii hainizeeshi?"

"Haikuzeeshi. Inakubana makwapani tu."

"Kubana si neno. Shemeji anapenda mtu aliyejipanga. Si ndiyo, shemeji?"

Zacharie alisema yeye hajui mambo ya makoti, na akacheka kidogo kuwapoza wote wawili. Dorothée alikihesabu kicheko kile. Alipima kilikuwa kirefu kiasi gani, na kilielekea wapi. Mwenye wivu hana kitu kidogo. Hata kikohozi anakipekua mifuko.

Ndipo Filip akaja na la tatu.

Lilikuwa refu, la sufu, rangi ya maziwa yaliyochemka, na ndani lilikuwa na hariri ya kijani kama majani ya chai. Filip alianza kueleza kwamba hili nyumba yao hulishona kila mwaka, bila kubadili kitu, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Zacharie alikuwa amesimama. Alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Elvire naye hakucheka tena. Alikitazama kioo, akamwona Zacharie nyuma yake, akampa mgongo.

Filip alikuwa amefundishwa kazi yake. Katika nyumba ile, mwanamume akija na mkewe, na koti lenyewe limepatikana, mfanyakazi hurudi nyuma na kumwachia mume heshima ya kumvika. Ndiyo adabu ya huku. Basi akamnyooshea Zacharie lile koti, limefunguliwa tayari, akatabasamu. Na Zacharie, miaka kumi na tisa Uswidi, mtu aliyezoea kushikia watu milango na kuinamisha basi kwa ajili ya mama mwenye kigari cha mtoto, alipokea kabla ya kufikiri.

Dorothée aliona. Aliona vidole vikishika kola, aliona Elvire akiuteremsha mkono wake wa kulia nyuma, taratibu, akiusubirisha. Neno lilikuwa mdomoni tayari. *Kunja, Zacharie.* Maneno mawili, sauti ya kawaida tu, na mambo yangekwisha.

Hakuyasema.

Wivu una uchu wake. Unaogopa kuona, na papo hapo unataka kuona. Nikimwonya, aliwaza, nitamwokoa leo, lakini sitajua kamwe. Acha nione. Akaiweka glasi juu ya goti lake, akaishika kwa mikono yote miwili, akanyamaza.

Mkono wa kulia ukaingia. Zacharie alilipandisha koti begani, kwa upole, bila haraka, na kidole gumba chake kikaondoa unywele mmoja ulionaswa kwenye kola. Hicho kidole ndicho kilichomwua Dorothée. Mikono inaweza kukosea, ina kazi nyingi. Lakini kidole kile kilijua kilichokuwa kinafanya. Kilikuwa kimekwisha kuondoa unywele kama huo siku nyingi, kwenye shingo kama hiyo.

Zacharie akainua macho kwenye kioo. Hakukutana na ya Elvire. Alikutana na ya Dorothée, kule nyuma, kwenye kiti cha mahameli, na mikono yake ikasimama hewani.

"Malizia, shemeji," Elvire akasema, bila kugeuka. "Mkono mmoja umeshaingia."

Zacharie aliliachia koti kama bati la moto. Likabaki likining'inia bega moja, upande mmoja mwilini, upande mmoja zuliani. Elvire akamwambia polepole, kama anayemkumbusha mtoto, kwamba kwao mkono mmoja ukiingia na mwili umeingia. Na shahidi yupo, ameona, amenyamaza.

Zacharie alimgeukia shahidi.

"Dorothée."

Mbele za watu alikuwa akimwita Mama Emmanuella siku zote. Jina lake tupu hakuwahi kulitoa nje ya jikoni kwake.

"Uliona tangu mwanzo?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka kujua."

"Kujua nini?"

"Kama mikono yako itasita."

Filip hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini alijua watu. Alisema kitu kuhusu kuleta maji, ambayo hakuna aliyeyaomba, akatoweka.

Zacharie alikaa kwenye ukingo wa meza ya vioo, ambayo hapana shaka haikuwa ya kukalia. Alijifuta uso. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ile ndogo.

"Nitasema kweli, halafu mnichukie wote. Elvire, sikukuvika wewe. Wewe hata sikukuona. Nimeona shingo ya Flaviana. Nimeona Jumamosi, ametoka kazini, mikono inanuka sabuni, amesimama pale nje ananiambia, mwaka kesho, Zacharie. Basi mikono ikaenda."

Dorothée alikuwa amejipanga kupigana na mwanamke wa Brussels mwenye visigino. Kwa huyo alikuwa na maneno, alikuwa na magoti ya kusali, alikuwa hata na kucha. Kumbe mwenzake hakuwa huyu. Mwenzake alikuwa amelala Spånga, kwenye makaburi, chini ya theluji, hazeeki, hakosei, hapiki chakula kikaungua. Utagombanaje na mtu kama huyo? Utamwambia nini akuachie?

Elvire ndiye aliyecheka. Kilikuwa kicheko chenye ufa katikati.

"Nilijipaka marashi ya dada," akasema. "Mama alinitumia chupa iliyobaki. Nilidhani yatanisaidia mimi. Yamemsaidia yeye." Akakitazama kioo, akatazama lile koti nusu. Alisema kwamba kwao kila mtu ana hesabu yake: mume wa Brussels alimwacha, miaka thelathini na sita inakwenda, nyumba ya dada ipo wazi, aingie. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kulala mahali pa marehemu na kuitwa jina la marehemu gizani. Hata yeye alikuwa hajajiuliza, mpaka sasa hivi.

Dorothée alitaka kumhurumia, lakini wivu bado ulikuwa umesimama mlangoni. Alimgeukia Zacharie kwanza.

"Na mimi je? Siku ukinivika mimi, utamwona nani?"

"Sijui," akasema. "Siku nyingine labda nitamwona yeye. Siwezi kukudanganya ili unipende." Kisha akamtazama sawasawa, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Dorothée aliona ndani ya macho yale kitu alichokijua vizuri, kwa sababu alikuwa nacho yeye mwenyewe. "Lakini nami nikuulize. Kile kiti cha pale dirishani kwako, chenye jaketi la mwanamume mgongoni, ni cha nani? Miezi minane nakula sofani, sahani juu ya magoti. Emmanuella hakikalii. Wewe hukikalii. Siku moja niliweka kofia yangu pale, ukaja ukaiondoa bila kusema neno. Nilirudi kwangu Hjulsta na kofia yangu nikakosa usingizi. Nimekuuliza?"

Kilikuwa kiti cha Damas, marehemu mumewe. Dorothée hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anakionea wivu.

Akasimama. Akaweka glasi chini, akaenda mpaka mbele ya Elvire, na jaketi lake la zipu mbovu likaonekana kwenye kioo kando ya lile koti la maziwa. Halikumsumbua tena.

"Mdogo wangu," akamwambia, "mimi ndiye shahidi. Nilinyamaza kwa wivu, sikunyamaza kwa kuridhia. Sasa nasema. Sitaki. Siwezi kukuachia."

"Umechelewa, Mama Emmanuella."

"Nimechelewa mkono mmoja. Wa pili bado uko nje."

Elvire aliutazama mkono wake wa kushoto. Aliutazama muda, kama mtu anayeamua kupanda gari au kuliacha lipite, na Dorothée hakumharakisha. Angeweza kuuingiza mwenyewe. Angeweza kuwapigia simu Uvira, na wazee wangesikia walichotaka kusikia. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaharibu ile rangi ya macho aliyoipaka kwa uangalifu. Kisha akauvuta nje ule wa kulia.

Walilikunja wawili. Dorothée hukunja shuka za wazee kila siku ya kazi. Alishika ncha zake, Elvire akashika zake, wakakutana katikati, wakageuza hariri ndani. Hawakutazamana, lakini vidole viligusana. Dorothée alilichukua, akalilaza juu ya mikono ya Zacharie.

Zacharie alipiga goti moja palepale kwenye zulia. Mama mmoja wa Kiswidi, aliyekuwa akichagua mikoba, alitabasamu akidhani ni mambo ya uchumba.

"Dada yako nilimpenda," Zacharie akasema. "Amelala. Nivue kilio."

Elvire alinyoosha mikono miwili. "Nimekuvua," akasema. Akalipokea, akalikumbatia kifuani, akaenda nalo mwenyewe mpaka kwenye kaunta, kisigino kimoja baada ya kingine.

Walibaki wawili mbele ya kioo. Zacharie alipangusa suruali yake gotini kana kwamba ina vumbi. Alimuuliza, bila kumtazama, kama bado ana wivu.

"Sana."

"Sikuombi uishe. Nakuomba usininyamazie tena. Ukiona, sema. Hata kama ni mbele ya mfalme."

Dorothée alisema atajaribu. Alisema pia kwamba Jumapili akija asiende sofani. Lile jaketi atalitoa yeye mwenyewe, mapema, kabla ya ibada, na kama atalia, atalia kabla hajafika. Zacharie aliuchukua mkono wake, na safari hii haukuwa wa salamu. Aliushika wote, mpaka kiganjani, na Dorothée akasikia mapigo ya moyo ambayo hakujua ni ya nani.

Kwenye kaunta Filip alikuwa amekwisha kulilaza koti ndani ya boksi kubwa na kulifunga utepe. Alieleza kwamba nyumba yao huandika jina la mwenye koti kwenye kitabu chake, ili siku kifungo kikidondoka, hata baada ya miaka ishirini, wajue ni la nani. Akaishika kalamu, akamngoja Elvire. Elvire akatikisa kichwa.

"Si langu mimi. Mwambieni aandike la mwenye koti."

Zacharie alijaribu. Midomo ilisogea, sauti haikutoka. Filip akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, mwisho akamtazama Dorothée.

Kwa miezi minane alikuwa amesema marehemu. Alisema mama yule, alisema mwenzako, alisema yeye. Jina lenyewe hakuwahi kuliruhusu lipite mdomoni mwake, kana kwamba kulitamka ni kulifungulia mlango. Wivu bado ulikuwepo. Aliusikia ukigeuka kifuani kama mtoto anayekataa kulala.

"Flaviana," akamwambia Filip. Na akalirudia polepole, ili aliandike vizuri.